Wasomaji Wanauliza: Programu za Kusaka Hisa na Data Zisizolingana

SWALI: Ndugu Mshauri, ninatumia programu mbili za kusaka hisa, na zote nimezipa sharti moja: zinionyeshe hisa ambazo kipimo chake cha RSI cha siku 14 (namba kati ya 0 na 100 inayoonyesha nguvu ya kupanda au kushuka kwa bei) kimeshuka chini ya 30. Moja huleta orodha ndefu, nyingine huleta hisa chache tu, na baadhi ya hizo chache hazimo kabisa katika ile orodha ndefu. Watu wa huduma kwa wateja wa programu ninayoilipia wananijibu kwamba niifunge na kuifungua upya. Niamini ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda zote mbili zinahesabu bila kukosea, na ndiyo maana kuifunga na kuifungua hakutakusaidia. J. Welles Wilder, aliyekitangaza kipimo hiki mwaka 1978, alilinganisha wastani wa kupanda kwa bei na wastani wa kushuka kwake, na wastani huo aliuendeleza kwa kanuni yake mwenyewe: ule wa jana huzidishwa kwa 13, huongezwa badiliko la leo, kisha jumla hugawanywa kwa 14. Wapo watengenezaji wa programu wanaotumia wastani wa kawaida wa siku 14 zilizopita, ambao husahau kabisa siku ya 15, na bado wanaiandika namba yao kuwa ni RSI ya siku 14. Soma maelezo ya kila programu uone inafuata njia ipi. Programu isiyotaka kueleza kanuni yake haistahili ada yako.

Hata pale ambapo kanuni ni moja, urefu wa historia huleta tofauti. Kwa njia ya Wilder, hesabu huanza na wastani wa kawaida wa siku 14, na wastani huo wa kuanzia hauondoki mara moja: siku 14 baadaye bado una uzito wa karibu asilimia 35, ilhali siku 100 baadaye uzito wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Programu inayopakua bei za mwezi mmoja tu ili ifanye kazi haraka inaweza kutoa 33 pale ambapo nyingine, yenye historia ya miaka, inatoa 29, na kwa sharti lako la 30 hisa hiyo itaonekana upande mmoja na kukosekana upande mwingine.

Kuna pia swali la bei yenyewe. Katika masoko ya Marekani, biashara ya kawaida hufungwa saa 10:00 jioni kwa saa za New York, lakini hisa huendelea kuuzwa nje ya muda huo hadi saa 2:00 usiku. Baadhi ya data huchukua bei rasmi ya mnada wa kufunga soko, nyingine huchukua biashara ya mwisho iliyoonekana, na programu ikisaka kabla ya soko kufungwa huweza kuuhesabu mshumaa wa leo (alama ya chati inayoonyesha mwendo wa bei katika kipindi kimoja) ambao haujakamilika.

Chagua hisa moja ambayo orodha zako zinatofautiana juu yake, kisha weka bei za kufunga za pande zote mbili katika jedwali la kompyuta, siku kwa siku. Bei zikitofautiana, usihangaike na kanuni, kwa sababu tatizo liko kwenye data. Bei zikilingana, hesabu RSI kwa mkono wako na uone ni programu ipi inayokubaliana nawe. Barua kwa huduma kwa wateja yenye jina la hisa, tarehe na namba mbili zinazopingana ni vigumu kuijibu kwa kukuambia uifungue programu upya.

SWALI: Programu yangu ilinitumia tahadhari kwamba hisa imeanguka kwa asilimia 90 kwa siku moja, na kiasi cha mauzo kimeruka sana. Kumbe kampuni haikuwa na shida yoyote. Halafu nimegundua kwamba bei za zamani za hisa nyingine ninazozifuatilia hubadilika zenyewe. Je, kuna mtu anazichezea?

JIBU: Ulichokiona ni mgawanyo wa hisa ambao data yako haikuurekebisha. Tarehe 10 Juni 2024 hisa za NVIDIA, kampuni ya chipu za kompyuta ya Marekani, zilianza kuuzwa baada ya kila moja kugawanywa kuwa 10, na bei ikatoka zaidi ya dola 1,200 ikawa karibu dola 120, huku mwenye hisa akiwa hajapoteza kitu. Mtoa data makini hugawanya bei zote za nyuma kwa 10 na kuzidisha kiasi cha mauzo cha nyuma kwa 10. Akifanya la kwanza na kusahau la pili, programu itakuimbia kila siku kwamba mauzo yamefurika. Binafsi naona uzembe huu wa pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa chati huonekana safi na mtu hashtuki.

Bei za zamani zinazobadilika husababishwa pia na gawio, kwani watoa data wengi hupunguza bei za nyuma kila kampuni inapolipa. Tafuta katika mipangilio mahali pa kuchagua bei zilizorekebishwa au zisizorekebishwa, na usichanganye aina hizo mbili katika hesabu moja.

SWALI: Tahadhari hunifikia bei ikiwa imekwisha kupanda, na tangu katikati ya Machi programu huanza kusaka saa nzima baada ya soko la New York kufunguliwa. Nibadilishe kompyuta?

JIBU: Usibadilishe. Data za bure kwa kawaida hucheleweshwa dakika 15, kwa kuwa masoko hutoza ada kwa bei za papo hapo. Tena, sharti linalotegemea mshumaa wa dakika 5 halitimii hadi mshumaa ufungwe, hata ukilipia data bora kuliko zote.

Kuhusu Machi, Marekani husogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya mwezi huo na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ratiba iliyofungwa kwenye saa ya kompyuta yako haijui hilo. Ifunge kwenye saa za New York, saa 3:30 asubuhi, na programu isipokuwa na nafasi ya kuchagua ukanda wa saa, sogeza ratiba mwenyewe tarehe hizo mbili.