Maswali ya Wasomaji: Bustani ya Kwanza ya Mboga Nyumbani

SWALI: Nyuma ya nyumba yangu pana sehemu ya wazi yenye ardhi ngumu na magugu mengi. Sijawahi kupanda chochote, lakini ningependa kulima mboga za kula nyumbani. Nianze na eneo la ukubwa gani, na kazi ya kwanza iwe ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na tuta moja tu, lenye upana usiozidi mita 1.2 na urefu wa mita 2 au 3, hata kama nafasi uliyo nayo ni kubwa mara kumi. Upana huo unakuwezesha kufikia katikati ya tuta ukiwa upande wowote, kwa hiyo hutalazimika kukanyaga udongo uliokwisha kuutifua, na udongo usiokanyagwa hubaki na nafasi za hewa na maji ambazo mizizi inazihitaji. Wengi wanaokata tamaa katika msimu wa kwanza hushindwa na magugu ya eneo kubwa kuliko muda walio nao wa kulihudumia.

Kabla ya kushika jembe, chunguza jua linavyopita hapo asubuhi, mchana na jioni. Nyanya, pilipili na bilinganya huhitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 hadi 8 kwa siku, ilhali mboga za majani nyingi huvumilia kivuli cha sehemu ya siku. Kaa mbali na miti mikubwa, kwa kuwa mizizi yake itagombea maji na mbolea yako.

Kazi inayostahili muda wako mwingi ni ya udongo. Chota udongo wenye unyevunyevu wa kujaa kiganja, ufinye, kisha fungua mkono na uuchokoe kwa kidole. Ukisambaratika hata kabla hujaugusa, una mchanga mwingi na hautahifadhi maji. Ukibaki donge linalonata, ni mfinyanzi, na maji yatatuama. Ukishikamana halafu ukavunjika vipande vidogo unapouchokoa, hapo una udongo mzuri. Dawa ya mchanga na ya mfinyanzi ni ileile: mboji, au samadi iliyooza vizuri. Tandaza tabaka la sentimita 5 hivi, kisha ulichanganye na udongo wa juu kwa kina cha sentimita 20. Mboji iliyoiva ni nyeusi, hunukia kama ardhi iliyonyeshewa mvua, na ndani yake huwezi tena kutambua maganda na majani yaliyotumika. Samadi mbichi usiitumie kabisa, kwani huunguza mizizi na inaweza kubeba vimelea vya magonjwa, jambo la hatari zaidi kwa mboga zinazoliwa bila kupikwa.

SWALI: Ni mboga zipi zinamfaa mtu anayeanza?

JIBU: Chagua kwanza zile ambazo familia yako hula kweli. Miongoni mwake, ningetanguliza mchicha na figili, ambazo huweza kuvunwa baada ya wiki 4 hivi, pamoja na maharagwe, ambayo mbegu zake kubwa huota bila shida na ambayo mizizi yake hushirikiana na bakteria kunasa naitrojeni ya hewani. Nyanya ziwe miche miwili au mitatu tu. Kila mbegu ifukiwe kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Ile ya mchicha, kwa udogo wake, hufunikwa kwa udongo laini kidogo sana.

SWALI: Miche yangu huota vizuri, lakini baada ya siku chache shina hunywea karibu na udongo na mche huanguka. Humwagilia asubuhi na jioni. Kosa liko wapi?

JIBU: Dalili hizo ni za kinyausi, ugonjwa wa vimelea waishio kwenye udongo, ambao hushamiri penye unyevu mwingi na miche iliyosongamana. Mche ulioanguka haupoi. Ung'oe, pamoja na ile iliyobanana kupita kiasi, ili hewa ipite. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole hadi pingili ya pili, na ukikuta unyevu, subiri. Maji yakihitajika, yatie asubuhi, ili uso wa kitalu ukauke kabla ya usiku. Kitalu kijacho kiandae kwa udongo mpya unaopitisha maji vizuri, na mbegu uzisie kwa kuziachia nafasi. Miche itakayobaki ihamishie tutani wakati wa jioni ikiwa na majani halisi manne hivi (yaani yale yanayofuata majani ya kwanza yanayotoka mbegu inapoota), kisha uweke matandazo ya nyasi kavu ya unene wa sentimita 5, bila kuyagusisha na shina.