Labour ya New Zealand: walibanwa au walisaliti?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi na rafiki yangu tumebishana mpaka basi. Yeye anasema chama cha Labour cha New Zealand kilisaliti misingi yake kilipoingia madarakani ile 1984, mi namwambia nchi ilikua imekwama wangefanyaje? Tuamulie.

JIBU: Nzuri ndugu. We uko sahihi kwa wiki ya kwanza tu, baada ya hapo nampa rafiki yako.

Walivyoshinda Julai 1984 walikuta akiba ya fedha za kigeni inakauka, ikabidi washushe thamani ya dola yao kwa asilimia 20. Hiyo ni dharura, hata angekua nani angefanya. Ila waziri wa fedha Roger Douglas hakuishia hapo, akafuta ruzuku za wakulima, 1986 akaleta kodi ya asilimia 10 kwenye bidhaa na huduma ambayo maskini na tajiri wanalipa sawa, huku kodi ya mapato kwa wenye kipato kikubwa ikishuka toka asilimia 66 hadi 33, mashirika ya umma yakaambiwa yaendeshwe kwa faida, na Februari 1988 zikafungwa ofisi 432 za posta. Sasa hiki ni chama kilichozaliwa 1916 na vyama vya wafanyakazi, ndo kilichopitisha sheria ya hifadhi ya jamii 1938!

(Halafu 1987 walichaguliwa tena, kwahiyo asikudanganye mtu kwamba wananchi walikasirika tangu mwanzo.)

Kwangu mimi ushahidi mkubwa ni ile kodi ya kiwango kimoja. Desemba 1987 serikali ilitangaza kila mtu atakatwa asilimia ileile ya mapato, awe bosi awe mfagiaji, na hapo hakukua na dharura yoyote, ni imani tu. Waziri mkuu David Lange mwenyewe akashtuka, Januari akaipiga chini, maana posta unaweza kubishana, lakini mwenye nacho asipochangia zaidi hiyo hifadhi ya jamii utailipia na nini? Wakaanza kuvutana hadharani mpaka Agosti 1989 Lange akajiuzulu.

Uchaguzi wa 1990 Labour ikaambulia viti 29 kati ya 97. Jim Anderton, aliehama 1989 akaanzisha chama chake kwa sababu ya mambo hayahaya, jimbo lake hakunyang'anywa.