Nilipita Ukaguzi Gari Likiwa Tupu, Breki Zikaniacha Likiwa na Mzigo

Juzi kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, pikapu yangu imeanguka ukaguzi, breki za nyuma. Nimebadilisha breki shuu mara mbili na bado. Nifanye nini?" Ujumbe huo ulinirudisha Sachangwan, ule mteremko karibu na Molo, mahali ninapopita kila wiki lakini sipendi kupataja.

Wewe unayesoma hapa najua unachotafuta. Unataka pikapu ya kwanza imalize mkopo, ya pili ije, halafu lori. Mimi pia nilitaka hivyo. Ndiyo maana nilimwambia fundi aongeze majani mawili ya springi nyuma, Hilux yangu ibebe viazi bila kuketi chini. Akayafunga asubuhi moja, nikamlipa, nikaondoka na gari limeinua mgongo.

Baadaye nikalipeleka ukaguzi, tupu, kama karibu kila mtu anavyofanya. Kwenye mashine ya rola, ile inayozungusha tairi na kupima nguvu ya breki, ekseli ya nyuma ilikuwa na uzito wa kilo 600 hivi, na breki zake zikatoa nguvu ya kilo 330. Gawanya, unapata asilimia 55. Nikapita. Nilipiga picha karatasi ile nikamtumia mke wangu.

Siku ya kumi na mbili nikatoka Molo na magunia 22 ya kilo 50. Asubuhi, ukungu, barabara imelowa. Tukiwa tunateremka Sachangwan, trela lililokuwa mbele likapunguza mwendo ghafla. Nikakanyaga. Pua ya gari ikainama, harufu ya pedi za mbele ikajaa ndani, lakini nyuma ni kama hakukuwa na breki kabisa. Magunia yalikuwa yanatusukuma. Nikarudisha gia ya pili, nikavuta breki ya mkono, mwishowe nikaligonga tuta la udongo kando ya barabara. Kijana wangu wa mizigo alivunjika mkono. Viazi vilitapakaa hadi mtaroni.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Watu walinitazama na kile cheti cha siku kumi na mbili wakasema nimekinunua. Hata jamaa zangu. Sikuhonga hata shilingi moja, na mpaka leo nikikumbuka maneno yale kifua hubana.

Fundi mwingine, mzee, ndiye aliyelala chini ya gari akanionyesha. Pikapu nyingi za aina hii zina valvu ya kupima mzigo karibu na ekseli ya nyuma. Ina fimbo inayounganisha ekseli na bodi. Mzigo ukishusha bodi, fimbo husogea, valvu ikapeleka presha zaidi ya breki nyuma. Gari likiwa tupu hupunguza presha hiyo, ili tairi za nyuma zisijifunge, yaani zisigande na kuteleza, gari likazunguka. Springi zangu mpya zilikataa kushuka. Magunia 22 yako juu, lakini valvu inaamini gari ni tupu.

Sasa piga hesabu tena. Ekseli ile ilikuwa imebeba kama kilo 1,600. Nguvu ya breki ikibaki kilo 330, hiyo ni asilimia 21 hivi. Mashine haikudanganya. Ilipima gari nililoipelekea, si gari nililoendesha Sachangwan.

Uingereza malori hupelekwa kwenye jaribio la breki yakiwa na mzigo, na mzigo wanaotaka uwe juu ya ekseli ni angalau asilimia 65 ya uzito ambao iliundwa kubeba. Wana sababu. Lori tupu likiwekwa kwenye rola, tairi hujifunga na kuteleza mapema, kwa hiyo nguvu halisi ya breki haionekani kabisa.

Kwa hiyo kijana wangu, uliza kwanza: tairi zako za nyuma zilijifunga kwenye rola? Kama zilijifunga na namba bado ni ndogo, huenda breki ni nzima na kilichokosekana ni uzito. Hapo ulizia kituo kama wanakubali uje na mzigo. Kama hazikujifunga, acha kununua breki shuu. Tazama valvu, tazama fimbo, uliza nani aligusa springi. Ukiongeza springi lazima fimbo irekebishwe. Narudia, irekebishwe siku hiyohiyo, kabla ya gunia la kwanza kupanda.

Nanyi wenye magari, acheni kushangilia cheti kana kwamba ni breki. Mtu anayeketi kando yako ana mama yake nyumbani. Mwaka huu nimepita tena, na safari hii nilitafuta mahali pa kupimia gari likiwa limejaa, kwa pesa yangu. Nyuma ilinipa asilimia 52.

Lala chini ya gari kesho asubuhi, kisha niandikie. Usinitumie asilimia ya jumla. Nitumie uzito wa ekseli ya nyuma na nguvu ya kila tairi, kushoto na kulia.