Ile picha ya meza na Wameksiko: majibu yenu haya hapa

Tangu niweke ile picha nimekaa nyuma ya meza ya kuandikisha wapiga kura nje ya kanisa huku Houston, katikati ya akina mama wa Kilatino (wenye asili ya Mexico na nchi jirani zinazosema Kihispania), simu haijatulia. Shangazi anauliza kama nimebadili dini. Kaka anataka kujua nimeingia chama gani na kinalipa shilingi ngapi. Mdogo wangu wa Tanga, ambaye jina lake limetoka kwenye bahati nasibu ya grini kadi, kauliza la maana kuliko wote: "Dada, kwani huko mgeni anapiga kura?" Nawajibu kwa pamoja, maana zamu yangu inaanza saa nne usiku.

Silipwi. Nilipewa tamales (unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda) na soda. Chama pale mezani hakipo: hapa Texas ukitaka kuandikisha wapiga kura, kaunti, yaani kama wilaya, inakupa kibali, na fomu uliyopokea uifikishe ofisini kwao ndani ya siku tano. Ukiikalia ni kosa.

Nilifikaje pale? Mnajua Houston nabeba boksi la kulea wazee. Miaka ya mwanzo nilikuwa zamu moja na mama wa Honduras, watoto watatu. Siku moja akanipa bahasha nimtunzie. Ndani mlikuwa na karatasi inayosema nani akawachukue watoto shuleni endapo yeye atakamatwa na watu wa uhamiaji. Wawili wamezaliwa hapa, raia kamili. Mkubwa alivushwa mpaka akiwa na miaka minne. Yeye mwenyewe hana chochote. Niliiweka kabatini, chini ya kanga, na kila nikivuta kanga naiona.

Najua mnavyosemaga huko: zaa Marekani, mtoto atakupa makaratasi. Mtoto mpaka afike miaka 21 ndipo amwombee mzazi. Na mzazi aliyepita porini bila kugongewa muhuri, kwa kawaida lazima atoke akashughulikie kwao. Akishatoka, kama alikaa zaidi ya mwaka bila kibali, sheria ya 1996 inamfungia nje miaka 10. Basi hatoki. Anazeekea hapahapa, anaosha wazee wa watu.

Binti yake wa pili alipofika miaka 18, mama alimpeleka kituo cha kura, akabaki ndani ya gari. Binti ana kikaratasi mkononi ambacho nyumba nzima walikibishania usiku kucha: nani bodi ya shule, nani sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti). Sherifu ndiye mwenye jela, na uhamiaji huchukua watu wengi kutoka jela. Kura moja, watu wanne nyuma yake. Jumapili iliyofuata nikaenda mwenyewe kuomba kiti pale mezani.

Tena wenzetu hawa hawakuamka jana. San Antonio, upande wa magharibi walikojaa Wameksiko, mvua ikinyesha maji yalikuwa yanaingia majumbani kama Jangwani. Madiwani walichaguliwa na jiji zima, kwa hiyo wenye fedha wa kaskazini ndio walioamua, na mtaro wa maskini ulisubiri. Mwaka 1974 watu wa parokia za kule wakaunda umoja wao, COPS, wakawa wanaijaza ofisi ya jiji kudai mitaro. Mwaka huohuo kijana wa palepale, Willie Velásquez, akaanzisha mradi wa kuandikisha wapiga kura. Alikuwa anauliza watu wanakerwa na nini mtaani kwao, lami au maji machafu, na kura akaifunga hapo hapo kwenye lami. Mwaka 1975 Bunge la Marekani likaipanua Sheria ya Haki ya Kupiga Kura iwalinde pia wasemao Kihispania. Mwaka 1977 San Antonio ikaanza kuchagua madiwani kwa kata, na 1981 Henry Cisneros, Mmeksiko mwenzao, akawa meya.

Lakini msiwaone kitu kimoja. Kuna wa kule mpakani ambao mababu zao walikuwepo kabla Texas haijawa Marekani, na wengine hawataki hata kusikia habari za wageni wapya. Mwaka 2024 Kaunti ya Starr, karibu watu wote Walatino, ilimpa ushindi Trump wa chama cha Republican, wakati haikuwa imempa mgombea urais wa chama hicho kwa zaidi ya miaka 100. Mezani kwetu yupo mama anayemshangilia, na yeye ndiye mpishi wa zile tamales.

Sasa mdogo wangu, soma hapa mara mbili. Grini kadi haipigi kura. Ukienda kuchukua leseni ya udereva utaulizwa kama unataka kujiandikisha, na sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa "ndiyo". Sema hapana. Ndugu mmoja wa kwetu alitia tiki bila kusoma, na kesi ya uraia wake ikageuka kesi ya kufukuzwa. Subiri miaka yako mitano, upate uraia kwanza.

Na mimi, kwa kuwa mnaniuliza kwa kuzunguka: ndiyo, nimeapa kuwa raia wa Marekani. Nilijua kwamba Tanzania haina uraia pacha, na kwamba siku ile nilikuwa naacha mmoja. Mexico iliwaruhusu watu wake kubaki na wa kwao tangu 1998, nao wakaenda kuapa huku wakipiga soga. Mimi nililia kwenye maegesho ya magari. Baba asiambiwe, nitamwambia mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni sisi. Msiba ukitokea, Waswahili wa Houston tunachanga fedha za kusafirisha mwili ndani ya siku tatu. Ukitaja kura, kundi zima kimya. Karatasi ya kura ya kaunti yetu ina Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Kiswahili hakimo, kwani ile nyongeza ya sheria ya 1975, kwenye upande wa lugha, inataja Kihispania, lugha za Asia, na za wenyeji asilia wa Marekani na Alaska. Mwafrika hakutajwa popote.

Kuna upenyo mmoja lakini. Asiyeweza kusoma anaruhusiwa kuingia na msaidizi wake, yeyote asiyekuwa mwajiri wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Niliingia na mama mmoja Mkongo, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kiingereza chake kilimtosha usaili wa uraia, hakikumtosha ile orodha ya majaji, ambao huku hupigiwa kura, ndefu kama msafara wa harusi. Nikala kiapo cha msaidizi: kusoma tu, kushauri marufuku. Tukafika jaji wa ishirini na ngapi sijui, akanishika mkono: "Uyu ni muntu muzuri?"

Mama, nimeapa, siwezi kujibu.

Akacheka peke yake. "Basi soma tena jina."