Kabla ya kuzidisha vipimo mara mbili, hesabu ni vipimo vingapi unavigusa

Nilipotaka tangi la maji lenye uwezo maradufu ya lile nililokuwa nalo, nilimpa fundi agizo fupi: zidisha kila kipimo mara mbili. Tangi la zamani lilikuwa mchemraba wa mita 1 kila upande, yaani lita 1,000. Fundi aliniuliza kama kweli nilikusudia kupandisha tani 8 za maji juu ya kichanja. Nilidhani amekosea hesabu, kumbe aliyekosea ni mimi.

Asiyeamini na achukue dado 8 zinazolingana, azipange mbili kwa mbili, kisha aongeze tabaka la pili juu yake. Atapata mchemraba ambao kila upande wake umekuwa mara mbili ya upande wa dado moja, lakini umemeza dado zote 8. Akihesabu nyuso za dado zinazoonekana nje atakuta 24, ilhali dado moja ina 6. Eneo la nje limeongezeka mara 4 tu. Kwa tangi langu, maana yake ni kwamba mabati yangeongezeka mara 4, maji mara 8, na kwa kuwa kitako nacho kingepanuka mara 4, kila mita ya mraba ya kichanja ingebeba mzigo maradufu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kujiuliza kwanza ni vipimo vingapi vinabadilika. Ukigusa kimo peke yake, ujazo unafuata kimo hicho: mita 1 kwa 1 kwa 2 inatoa lita 2,000, kama nilivyotaka, kwa mabati ya mita za mraba 10. Ukitaka umbo libaki mchemraba, upande unaohitajika ni takribani mita 1.26, wala si 2, na mabati yanapungua hadi kama mita za mraba 9.5. Nilichagua kuongeza kimo, maana kukata bati kwa sentimita 126 kunaacha vipande visivyo na kazi.

Silinda ndiyo inayohadaa zaidi, kwa sababu nusu kipenyo ni kipimo kimoja kwa jina lakini katika hesabu ya ujazo kinazidishwa kwa chenyewe. Kuongeza kimo maradufu kunaleta ujazo maradufu. Kuongeza nusu kipenyo maradufu kunauleta mara 4.

Mabadiliko madogo nayo yasidharauliwe, kwani ukiongeza kila kipimo cha sanduku kwa asilimia 10, ujazo hupanda kwa asilimia 33.1. Hata kubadili vizio kunafuata kanuni hiyo hiyo: mita 1 ni sentimita 100, lakini mita 1 ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, na mita 1 ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000.