Maswali yenu kuhusu keto: ugali, mizani na dawa za kisukari

Hii ketosisi ni ugonjwa?

Hapana. Keto ni lishe ya wanga kidogo sana na mafuta mengi, na ketosisi ni hali ambayo mwili hufikia kwa lishe hiyo. Kwa kawaida mwili umezoea kutumia sukari inayotokana na wanga wa ugali, wali, viazi na ndizi. Ukishusha wanga hadi chini ya gramu 50 kwa siku, baada ya siku chache akiba ya sukari iliyo kwenye ini inakwisha, insulini inapungua, na ini linageuza mafuta kuwa ketoni, ambazo mwili hutumia badala ya sukari. Hiyo ndiyo ketosisi. Hata ubongo huzitumia. Anayekaa muda mrefu bila kula hufikia hali hiyo hiyo. Lishe yenyewe ilianzia hospitali: mwaka 1921 Dk. Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo husaidia watoto ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza.

Kwa hiyo ugali nile kiasi gani?

Kwa keto halisi, karibu uuache. Gramu 100 za unga wa sembe zina wanga wa gramu 75 hivi. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, lakini wanga ni ule ule. Muhogo, magimbi na maharage pia hukumalizia kiwango upesi. Kinachobaki si haba: mchicha, matembele, bamia, parachichi, mayai, dagaa, kuku, tui la nazi. Ila kushinda na mishikaki mitupu siyo keto. Nyama huwa ya kiasi, mafuta ndiyo mengi, na mboga za majani zisikose.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, sasa mizani haisogei. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Sehemu kubwa ya kilo zile ilikuwa maji, kwa sababu kila gramu ya ile akiba ya sukari hukaa na gramu 3 hivi za maji. Mafuta hutoka taratibu. Maji hayo huondoka na chumvi, ndiyo maana wengi huumwa kichwa na kuishiwa nguvu siku za mwanzo. Supu yenye chumvi husaidia, kama huna shinikizo la damu.

Mama ana kisukari na anachoma insulini. Jirani kamwambia aanze keto na aache dawa. Unasemaje?

Asiache sindano kwa maneno ya jirani. Nawasihi sana.

Ni kweli kwamba wanga ukipungua, sukari hushuka. Hatari iko hapo hapo: akila kidogo na kuchoma dozi ile ile, sukari inaweza kuporomoka. Atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa, hata kuzimia. Vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi navyo hufanya hivyo. Dozi ipunguzwe na daktari, hatua kwa hatua, huku mama akipima mara nyingi zaidi.

Kama ana kisukari aina ya 1, kuacha insulini kunaweza kumuua. Bila insulini ketoni hufurika na damu hugeuka asidi, jambo lililo mbali kabisa na ketosisi ya mtu mzima wa afya. Akitapika, akihema kwa nguvu, au pumzi ikinukia kama matunda, mkimbizeni hospitali usiku huo huo. Anayemeza vidonge vya kisukari vya dapagliflozini au empagliflozini anaweza kupatwa na hali hiyo hata kipimo cha sukari kikisoma vizuri.

Kliniki ijayo nenda naye. Beba dawa zake zote na daftari la vipimo, na kabla ya siku hiyo asibadilishe sahani yake wala dozi.