Kabla ya Kumhamisha Mzee, Aulizwe

Mjomba wangu alikuwa na miaka 78 tulipomhamisha kutoka mtaa wa Langoni, Lamu, hadi nyumba ya wazee mjini Malindi. Hakujaliwa mtoto, mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya ngazi ya mawe ambayo hata kijana huishuka akishika ukuta. Alipoanguka mara ya pili, sisi wapwa tulikutana, tukakata shauri, kisha tukamweleza. Hilo ndilo kosa ninalolijutia mpaka leo: alielezwa, hakuulizwa.

Hakubisha. Tulivuka kwa mashua hadi Mokowe, tukapanda basi, na njia nzima hakusema neno ila kuuliza ufunguo wa nyumba ameuchukua nani. Tulidhani anahofia mali yake. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa anauliza kama atarudi.

Huko alioga, alikula na alipewa dawa kwa wakati, lakini alizidi kukonda. Lamu alikuwa mchonga milango, na kila baada ya alasiri alikaa kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni mwa nyumba yake, ambapo hakuna aliyepita, hata mwenye kuswaga punda, bila kumwamkia Fundi. Malindi kiti chake kilielekezwa kwenye televisheni, na wahudumu walimwita babu kama walivyowaita wote. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kinapotaja haki za wazee, huanza na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na matunzo hutajwa mwisho. Sisi tulikuwa tumeshughulikia la mwisho tu.

Kwa hiyo, ukilazimika kuchukua hatua hii, na wakati mwingine hulazimu hata majirani wakisema mmemtupa mzee wenu, nenda naye akaione nyumba hiyo kabla hajahamia, na uzungumze na wazee wanaoishi humo, si msimamizi peke yake. Uliza ni nani anayeamka mzee akiita usiku. Waeleze wahudumu jina analolizoea na saa zake za kahawa na za sala. Kama anapokea shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya, wanazopewa wazee waliotimiza miaka 70, aamue mwenyewe zitumikeje.

Sisi tuliomba kiti kihamishiwe barazani, kikabili lango, tukampelekea msala wake na kikombe chake cha kahawa. Wiki chache baadaye alianza kuniuliza habari za watu aliowaona wakipita. Chumba cha Langoni hatukukipangisha, na ufunguo nilimkabidhi mkononi; huufunga kwenye pindo la kikoi chake.